Moto wa Tatu

Sogeeni, wajukuu, ila huyo mwenye simu azime kwanza tochi yake, inaniumiza macho.

Mji niliozaliwa mimi, huko Magu, ulikuwa na mioto miwili. Mmoja uliwaka jikoni kwenye mafiga, na huo ulikuwa wa kina mama. Wa pili uliwaka uani karibu na zizi, nasi Wasukuma tukiuita shikome. Jioni wazee waliukalia pamoja na sisi wavulana, tukafundishwa majina ya mababu, dalili za ng'ombe mgonjwa, na namna ya kusimama kusema mbele za watu. Shikome haikuwa na chungu. Chakula kilitoka jikoni kikaletwa tulipo, tukanawa, tukala. Sikumbuki hata siku moja mtu akitukataza kupika. Haikuhitajika kukatazwa, njia ya jikoni tuliijua kwa harufu tu.

Nilipofika miaka kumi na saba nikapanda mtumbwi kwenda kuvua dagaa Ukara, kile kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe. Huko ndiko nilikoukuta moto wa tatu.

Kambi yetu ilikuwa ya wanaume watupu. Tuliingia ziwani usiku wa giza na karabai, maana dagaa hufuata taa. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, tunalala. Alfajiri mnarudi mmelowa, tumbo linauma kwa njaa. Mama hayupo, dada hayupo. Atapika nani? Mdogo kuliko wote. Na mdogo nilikuwa mimi.

Ugali wa muhogo si wa sembe, jamani. Maji yakichemka unamwaga unga, unauacha upate moto, halafu unaepua sufuria na kuiweka chini. Unakaa, unazungushia matambara, unaibana kwa nyayo zote mbili, ndipo unasonga kwa mikono, mabega na mgongo. Ugali unavutika kama mpira, na sufuria nayo inataka kuondoka na mwiko. Siku ya kwanza ilinikimbia ikamwagika mchangani. Wenzangu walicheka, halafu wakakumbuka kwamba hicho ndicho kilikuwa chakula chao, wakaacha kucheka. Baada ya miezi miwili nilikuwa fundi. Sato wangu wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu alisifiwa mpaka kambi ya pili.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilirudi, nikaoa, na nilipovuka tu Mwaloni pale Kirumba, mwiko niliuacha upande wa pili wa maji. Mwaka mmoja bibi yenu akaanguka malaria, hawezi hata kuketi. Watoto wanalia njaa. Unga upo, kuni zipo, samaki wapo. Mimi, fundi wa Ukara, nilitoka nje nikamwita binti wa jirani aje atupikie. Alikuwa na miaka tisa. Sufuria ilimzidi nguvu, ugali ukatoka mbichi katikati, tukala kimya. Sikumwambia mtu kwamba najua.

Msicheke sana, kwa sababu hata leo mambo ni yaleyale. Zungukeni Mwanza usiku: anayekaanga chipsi ni nani? Anayegeuza mishikaki? Wanaume, tena wenye ndevu, na hakuna anayewazomea. Mwiko ukiingiza hela ni kazi ya kiume. Ukirudi nao nyumbani, unageuka kuwa wa mama. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sijapata mzee wa kunieleza sababu yake.

Basi likizo iliyopita akaja huyu kaka yenu anayesoma chuo cha Mtakatifu Agustino, pale Malimbe. Amepanga gheto na wenzake wawili, wana mtungi mdogo wa gesi, wamechoka na wali maharage. Akamwambia bibi yenu, "Bibi, nifundishe udaga." Bibi alidhani anataniwa.

Siku ya kwanza wakamenya muhogo wa udaga na kuuanika. Ulipopata jua la kutosha wakaurundika na kuufunika majani, ulale hadi uote ukungu. Siku ya pili kijana ameshaanza kufunuafunua. "Bibi, haujawa tu? Si ningesaga hivihivi?"

Bibi yenu akaacha alichokuwa akifanya. Akamsimulia mwaka 1985, kule Tarime. Ukame ulikuwa umekausha mashamba, ukabaki muhogo mchungu, na watu kwa njaa wakazifupisha siku. Muhogo ule una sumu, na siku hizo za kulaza na kuanika ndizo zinazoipunguza. Wapo waliolala wazima wakaamka miguu imekakamaa, na tangu hapo hawakutembea tena kama zamani. Madaktari huuita ugonjwa huo konzo, neno la Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Akamwambia, "Hapa hupiki, mjukuu wangu. Hapa unalinda miguu ya watu." Kijana akayarudisha majani taratibu, akayakandamiza kwa mawe.

Siku zilipotimia alikwangua ukungu mwenyewe, akaponda, akaanika tena hadi ukakauka kabisa, akaupeleka mashineni. Kuna vijana walimwona njiani na ndoo ya unga kichwani, wakampigia miluzi. Naye akawapigia.

Jioni akaketi jikoni kusonga. Mimi nilikuwa mlangoni, pale ninapokaa siku zote, nusu ndani nusu nje. Unga ukaanza kushika, na ile sufuria, kama naijua, ikaanza kumkimbia. Akaikimbilia kwa mkono, ikamuunguza. Ikainama.

Nilivua viatu. Nikaingia, nikaketi mbele yake, nikazungusha tambara, nikaibana kwa nyayo. "Songa," nikamwambia. "Tumia mgongo, usitumie vidole."

Bibi yenu alisimama na kikapu chake cha mchicha, akaitazama ile miguu yangu kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema.