Kuujua Moyo Kabla Haujauma

Wengi wetu huenda zahanati pale tu kifua kinapobana. Lakini ugonjwa wa moyo na kiharusi hujijenga taratibu, kwa miaka mingi, bila maumivu. Je, inawezekana kujua mapema ni nani aliye hatarini zaidi?

Jibu lilianza kutafutwa mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani. Watafiti waliwafuatilia watu wazima 5,209 kwa miaka mingi, wakaona kwamba chanzo si kimoja. Umri, sigara, shinikizo la damu, kolesteroli na kisukari huongezeana nguvu.

Leo Shirika la Afya Duniani lina majedwali ya rangi, yaliyoboreshwa mwaka 2019 kwa kanda mbalimbali, ikiwemo Afrika Mashariki. Pasipo na maabara, mhudumu wa afya hutazama mambo matano: umri, jinsia, sigara, shinikizo la damu, na uzito ukilinganishwa na urefu. Jedwali humpa makadirio ya miaka 10 ijayo. Ukiambiwa asilimia 20, maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wenye hali kama yako, takriban 20 watapata mshtuko wa moyo au kiharusi katika muda huo.

Tuchukue mfano. Waamini wawili wanapimwa baada ya Misa, na presha ya juu ya kila mmoja ni 135. Wa kwanza ana miaka 42 na havuti sigara. Wa pili ana miaka 68, anavuta, na ni mnene. Kipimo ni kimoja, hatari si moja. Wa kwanza atashauriwa kupunguza chumvi, kufanya mazoezi na kupima tena. Wa pili huenda akahitaji dawa pia, na hana budi kuacha sigara.

Makadirio haya si hukumu. Umri haurudi nyuma, lakini sigara huachwa na presha hushushwa. Tena, aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hahitaji jedwali. Hatari yake ni kubwa tayari, naye aendelee na matibabu.

Kama umefikisha miaka 40, usiulize tu, "Presha yangu ni ngapi?" Uliza pia, "Hatari yangu kwa jumla ikoje?" Nanyi mafrateri, mnapokwenda likizo, waulizeni wazazi wenu kama wamewahi kupimwa.