Usalama wa Wanafunzi Michezoni: Tujipange Kabla ya Filimbi



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wengi wa wanafunzi wa madrasa yetu hapa Kihonda ni wanafunzi wa sekondari pia. Wanacheza mpira wa miguu, netiboli, wavu na riadha, na baadhi yao hushiriki mashindano ya UMISSETA, ambayo huanzia shuleni na kupanda hadi ngazi ya taifa. Siku ya michezo ikikaribia huandaliwa jezi, mipira, waamuzi na zawadi. Lakini ukiuliza ni nani atakayepiga simu mwanafunzi akianguka, au ni gari gani litakalompeleka hospitali, mara nyingi hakuna mwenye jibu. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

Wapo watakaosema ajali ni qadar ya Allah. Ni kweli, na tunaiamini. Lakini mtu mmoja alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache tu na kutawakali, alielekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kwa hiyo kujiandaa ni sehemu ya tawakkul.

YALIYOTOKEA YANATUFUNZA NINI?

Tarehe 4 Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alianguka wakati wa mchezo dhidi ya vijana wa Mwadui. Alifariki siku hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 19. Allah amrehemu. Hatumtaji ili kumlaumu yeyote, bali tukumbuke kwamba kifo cha uwanjani humfika hata kijana mwenye nguvu zake.

Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka bila kuguswa na mtu katika mchezo dhidi ya Finland. Moyo wake ulikuwa umesimama. Madaktari walimkandamiza kifua na kumshtua moyo kwa mashine pale pale uwanjani, naye akapona. Mwaka 2022 alirudi kucheza.

Sisi hatuna mashine hizo katika viwanja vyetu vya shule. Lakini mikono ya kukandamiza kifua tunayo, na huo ndio msaada wa kwanza kabisa. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza matumaini ya kupona, na ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu. Ukitoka Kihonda, ukapita Msamvu na foleni yake hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, dakika hizo zimekwisha. Hivyo msaada lazima uanze uwanjani, na uanzwe na mtu aliyejua mapema kwamba hiyo ni kazi yake.

MPANGO WENYEWE

Mpango huu hauhitaji fedha nyingi. Unatosha ukurasa mmoja wa daftari, usomwe mbele ya walimu na manahodha kabla ya mchezo kuanza.

1. Watu na kazi zao. Mwalimu mmoja awe msimamizi wa dharura, wa pili atoe huduma ya kwanza, wa tatu apige simu, na wa nne azuie umati usimzonge majeruhi. Majina yaandikwe. Kazi ikiachwa kuwa ya wote, kila mmoja humtazama mwenzake. Namba za polisi (112), zimamoto na uokoaji (114), na za kituo cha afya kilicho karibu ziandikwe pia.

2. Gari na njia. Gari moja liwepo uwanjani muda wote, dereva wake ajulikane, na liegeshwe likitazama nje. Ufunguo wa geti uwe kwa mtu aliyepo.

3. Orodha ya afya. Mwalimu wa michezo ajue nani ana pumu, selimundu, kifafa, kisukari au tatizo la moyo. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta. Namba za wazazi ziwepo. Habari hizi ni amana, zisitangazwe kwa wanafunzi wengine.

4. Uwanja. Mashimo yafukiwe, chupa na mawe viokotwe. Magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa uimara na watoto wasiyaning'inie, kwa sababu goli likianguka linaweza kuua.

5. Jua na maji. Mechi zisipangwe saa sita hadi saa tisa mchana kama inawezekana. Maji yawe karibu, na wachezaji wapewe nafasi ya kunywa. Katika mwezi wa Ramadhani ni bora michezo mizito iahirishwe.

6. Radi. Mazoezi mengi huangukia wakati wa masika, mawingu yakiwa yameifunika Uluguru. Mwezi Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita. Ngurumo ikisikika, mchezo usimamishwe na wote waingie ndani ya jengo imara, si chini ya mwembe. Warudi uwanjani zikishapita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

7. Safari. Fainali za taifa zilifanyika Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022, hivyo watoto husafiri mbali. Tusisahau tarehe 6 Mei 2017 pale Rhotia, Karatu, ambapo ajali ya basi iliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hawakuwa wakienda michezoni, lakini gari la shule ni gari la shule. Likaguliwe, lisijazwe kupita kiasi, na dereva aliyechoka asiendeshe.

MWANAFUNZI AKIANGUKA

Mwite na umguse bega. Asipoitika na asipopumua kawaida, au akiwa anatweta kwa mbali, hesabu kwamba moyo umesimama. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kusita mpaka msaada ufike. Usimmwagie maji mdomoni.

Aliyeumia shingo asinyanyuliwe ovyo. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema amepona. Mwenye kifafa asitiwe kijiko mdomoni.

SWALI LA WASICHANA

Kuna swali ambalo wazazi huliuliza: msichana akianguka, je, mwalimu wa kiume amguse? La kwanza ni kwamba kila timu ya wasichana iwe na mwalimu wa kike aliyejifunza huduma ya kwanza. Lakini asipokuwepo, kuokoa uhai ni dharura, na maulamaa wameafikiana kwamba dharura huhalalisha lile ambalo kwa kawaida limekatazwa. Asiachwe afe kwa kuonewa haya. Nguo zilegezwe kwa kadiri ya haja, na wengine wamsitiri kwa kanga.

Hijabu nayo si kizuizi cha mchezo. Sheria za soka duniani ziliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014. Muhimu iwe ya kubana vizuri, isiyo na pini, kwa sababu pini huchoma jicho la mwenye kuivaa na la mwenzake.

NENO KWA WAZAZI

Ndugu wazazi, msifiche maradhi ya watoto wenu kwa kuogopa wataachwa kwenye timu. Na mkialikwa kwenye kikao cha michezo, ulizeni maswali matatu: nani anatoa huduma ya kwanza, gari liko wapi, na nani atanipigia simu? Kikao kikikosa jibu, mechi isubiri mpaka lipatikane. Wanafunzi nanyi jifunzeni huduma ya kwanza inapofundishwa na Msalaba Mwekundu au skauti, kwani mara nyingi aliye karibu na anayeanguka ni mwenzake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu viwanjani na safarini, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.