Ushuru wa bidhaa za nje umfikie pia mfanyakazi wa Bukavu aliyeachishwa kazi

Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa katika masoko ya Kadutu na Nyawera hutoka nje ya Kongo. Mayai, nyanya na unga huvuka mto Ruzizi kutoka Rwanda vichwani mwa akina mama. Saruji hutoka Bugarama, ng'ambo ya mpaka, kwenye kiwanda cha CIMERWA, huku kiwanda cha saruji cha Katana kikiwa kimenyamaza zamani. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama mwaka 1996 vita vilipoanza, na nafasi yake sokoni ikachukuliwa na sukari ya kutoka nje. Mnunuzi amepata bidhaa na mfanyabiashara amepata faida. Serikali nayo imepata ushuru. Aliyebaki mikono mitupu ni mfanyakazi wa kiwanda kilichoshindwa. Hoja ya makala haya ni moja: sehemu ya ushuru unaotozwa bidhaa hizo kwa jina la viwanda inapaswa kumfikia yeye, kwa utaratibu wa kisheria, mpaka apate kazi nyingine.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kwinini, dawa ya malaria. Kwa miongo mingi mashamba ya mikwinini ya Kabare na Kalehe yaliilisha Pharmakina, kiwanda cha dawa cha Bukavu. Gome la mti lilibanduliwa, likaanikwa, likasagwa, kisha dawa ikatolewa humo, na katika kila hatua kulikuwa na mtu anayelipwa. Mwaka 2005 Kongo ilibadili dawa yake rasmi ya malaria na kuchagua mchanganyiko wa artesunate na amodiaquine. Kufikia mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linapendekeza sindano ya artesunate badala ya kwinini kwa malaria kali, kwa wakubwa na kwa watoto. Dawa hizo mpya huagizwa kutoka nje, na nyingi hulipiwa na wafadhili. Hapakuwa na kosa katika uamuzi huo, maana artesunate huokoa maisha zaidi. Lakini kama taifa zima limepona kwa sababu soko la kwinini limefinywa, haki inadai kwamba hasara isibebwe na mchuma gome na fundi wa kiwandani peke yao. Kuizuia dawa bora isiingie nchini kungekuwa dhambi, na kumwacha mfanyakazi bila kitu si haki hata kidogo.

Tuangalie sheria inampa nini leo. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi ampe taarifa ya angalau siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Aliyefanya kazi miaka 12 anastahili siku 98 za kazi, yaani kama miezi minne. Ongeza likizo ambayo hakuichukua, ndiyo hiyo dekonti, yaani malipo yake ya mwisho. Baada ya hapo hakuna kitu. Mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, uliopangwa upya kwa sheria ya Julai 2016, hulipa pensheni, posho za familia na fidia za ajali au magonjwa ya kazini, lakini haulipi chochote kwa aliyekosa kazi. Ofisi ya ajira, ONEM, huandika majina ya wanaotafuta kazi. Taasisi ya mafunzo ya ufundi, INPP, ina kituo Bukavu, lakini hakuna sheria inayompeleka huko mtu aliyepunguzwa na kumlisha wakati anajifunza. Baba wa watoto sita hawezi kujifunza uchomeleaji wa vyuma kwa miezi sita huku nyumbani jiko halijawashwa.

Mara nyingi serikali imejaribu kumlinda mfanyakazi kwa kuifunga mipaka. Kampuni ya bia ya Bralima ilipofunga kiwanda chake cha Boma mwishoni mwa mwaka 2016, wakati bia ya Angola imejaa mkoa wa Kongo ya Kati, Kinshasa baadaye ilitoa maagizo ya kuzuia bia na vinywaji vya nje. Njia hiyo haiufai mji wetu. Bukavu na Kamembe ya Rwanda zinatenganishwa na mto mwembamba tu, na bidhaa iliyokatazwa mchana hupita usiku kwa bei ya juu. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 11 Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na umoja wa forodha unaelekea kufungua milango. Ushindani utaongezeka. Swali lililobaki ni nani atawashika mkono watakaoangushwa nao.

Marekani ilijiuliza swali hilo mwaka 1962, ilipoanzisha mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wanaopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Mwaka 1988 Bunge lake liliwaingiza pia wachimbaji na watafutaji wa mafuta na gesi, baada ya bei ya mafuta kuanguka na visima vingi kusimama. Wafanyakazi watatu tu walitosha kupeleka ombi. Wizara ya Kazi ilichunguza kama uagizaji umechangia hasara hiyo, na waliokubaliwa walipewa mafunzo pamoja na posho. Mpango huo uliacha kupokea maombi mapya Julai 2022, kwa kuwa Bunge halikuuongezea muda, lakini muundo wake unatufaa: ombi fupi, uchunguzi wenye tarehe ya mwisho, na posho inayokwenda pamoja na mafunzo.

Watasema hakuna fedha. Zipo. Tangu mwaka 1989 Mfuko wa Kukuza Viwanda, FPI, hupokea asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, pamoja na kodi ya mazao ya viwanda vya ndani. Fedha hizo zilikusudiwa kuwakopesha wenye viwanda, na ukaguzi wa ofisi ya wakaguzi wa fedha, IGF, umeonyesha kuwa mikopo mingi haikurudishwa. Kutenga sehemu ya makusanyo hayo kwa wafanyakazi hakuhitaji kodi mpya, na kadiri bidhaa za nje zinavyoongezeka ndivyo na mfuko wa msaada unavyokua. Na isiwe bahasha moja ya kuagana. Kampuni ya madini ya Gécamines ilipowaondoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wengi walipewa fedha kwa mkupuo bila njia ya kudumu ya kurudi kazini, na malalamiko yao yaliendelea miaka mingi. Posho ya kila mwezi yenye masharti ya mafunzo ni bora kuliko kitita kinachomalizwa na madeni.

Wengine watauliza kwa nini tuwasaidie wachache wenye mikataba wakati wakazi wengi wa Bukavu huishi kwa biashara ndogo ndogo. Jibu ni kwamba mshahara mmoja wa kiwandani hulipa muuza mboga, mwenye nyumba na ada ya shule. Ukikatika, wote hao hutikisika. Tena kuna pingamizi zito zaidi: katika Kivu ni vigumu kutenganisha hasara ya bidhaa za nje na ile ya vita, ya barabara mbovu na ya umeme unaokatika. Hata mikwinini iliharibiwa pia na magonjwa. Ni kweli, na kwa hiyo kipimo kisiwe cha kutafuta sababu moja tu. Itoshe kuonyesha kwamba mauzo ya kampuni yameshuka na bidhaa za nje za aina ile ile zimeongezeka. Mkaguzi wa kazi anaweza kuyaona hayo katika vitabu vya kampuni na takwimu za forodha.

Tangu Februari 2025 Bukavu imo mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na Juni mwaka huo Heineken, kampuni ya Uholanzi inayomiliki Bralima, ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi wake baada ya kupoteza udhibiti wa shughuli za Bralima hapa na Goma. Wapo watakaosema huu si wakati wa kuzungumzia misaada. Historia inasema kinyume. Kati ya mwaka 1999 na 2003, mji ukiwa chini ya waasi wa RCD-Goma, wafanyakazi 168 wa Bralima Bukavu waliachishwa kazi. Walilazimika kupeleka malalamiko Uholanzi mwaka 2015, na makubaliano ya fidia yalipatikana 2017 tu. Zaidi ya miaka kumi ilipotea; utaratibu wa kuandika majina, miaka ya kazi na stahili za kila mtu ungeweza kuifupisha. Sendika na wakaguzi wa kazi waanze sasa kuandika orodha hizo na kuzihifadhi. Bunge nalo lirekebishe sheria ya FPI ili sehemu ya asilimia 2 itengwe kwa posho na mafunzo, ilipwe kwa simu ya mfanyakazi mwenyewe popote alipo. Wabunge wa Kivu Kusini waliopo Kinshasa ndio wenye jukumu la kwanza la kulipeleka pendekezo hilo.