Ndege wa kaskazi si ndege wa kipupwe

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliniletea kazi yake ofisini, hapa katikati mwa jiji. Alikuwa ametafsiri kijikaratasi cha Kiingereza kinachowaalika watu kutazama ndege katika Hori ya Mida, Watamu. Ndege hao aliwaita "ndege wa kipupwe".

Nikamuuliza, "Kipupwe ni lini?"

Akajibu bila kusita, "Si ni wakati wa baridi, Prof?"

Sawa, lakini baridi ya nani? Kipupwe chetu huwa kati ya Juni na Agosti, wakati sisi wa Kangemi na Kikuyu tunaamkia ukungu na masweta. Baridi ya Ulaya iliyokusudiwa na kijikaratasi huwa Desemba hadi Februari. Kwetu huo ni msimu wa kaskazi: jua kali, na upepo utokao kaskazini-mashariki. Atakayeuamini mwaliko wa "kipupwe" atafunga safari hadi Watamu mwezi Juni, akute wengi wa wageni hao wamekwisha kurudi kwao kutaga. Neno moja tu, na nauli imepotea bure!

Wapwani walikuwa na kalenda inayofaa zaidi. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi, yakarejea na kusi. Ndege wengi wa Mida wana ratiba inayokaribiana na hiyo, ingawa baadhi hutangulia tangu Agosti na Septemba. Yupo mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye huchimba mashimo mchangani kwenye fuo za Ghuba na Bahari ya Shamu, akataga humo, kisha huja kwetu kula kaa. Yupo sululu, msafiri wa kutoka kaskazini ya mbali, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Jina lake ni lile lile la chombo cha kuchimbia mawe. Ukimwona akichokora matope maji yakikupwa, hutashangaa. Wapo pia vitwitwi, wale wadogo wanaokimbizana na mawimbi.

Tena si lazima uende Pwani. Mbayuwayu wa Ulaya huja hadi Nairobi miezi hiyo hiyo. Inua macho ukiwa kando ya kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, uwaone wakiwinda wadudu hewani.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tunawajua ndege hawa kwa Kiingereza tu, ilhali sululu, kitwitwi na mbayuwayu ni maneno ya Kiswahili ya tangu hapo. Msamiati usiotumika hufa, na ukifa huenda na ujuzi wake: nani huja, lini, na kwa upepo gani.

Kwa hiyo nilimshauri mwanafunzi wangu aandike "ndege wahamaji wa msimu wa kaskazi". Mfasiri hatafsiri neno "baridi" kabla ya kuuliza ni baridi ya wapi.