Tangawizi ya povu nyumbani: Chunga chupa, chunga watoto

Soda ndiyo kinywaji cha mgeni katika nyumba nyingi za Kangemi, Kawangware na Uthiru. Lakini mama anayehesabu shilingi, na ambaye angependa kujua watoto wake wanakunywa nini hasa, huenda amewahi kujiuliza kwa nini asijitengenezee kinywaji chenye povu yeye mwenyewe. Tangawizi, ndimu, sukari na hamira hazikosekani sokoni, iwe ni Kangemi kwenyewe au City Market katika barabara ya Muindi Mbingu, na kazi yote haizidi nusu saa. Kutengeneza ni rahisi. Linalohitaji uangalifu ni lile linaloendelea ndani ya chupa baada ya kizibo kufungwa.

Kule Uingereza, mwezi wa Juni unapofika, watu huchuma maua meupe ya mti uitwao sambuko, wakayaloweka kwenye maji yenye sukari na ndimu. Maua hayo yana chachu yake ya asili, na baada ya siku kadhaa kinywaji huanza kutoa povu. Huku kwetu wazee wa Kiambu na Dagoretti waliijua kanuni hiyo hiyo bila kufundishwa na mtu: tunda la muratina lililokaushwa lilitiwa kwenye asali na maji, nalo likabeba chachu kutoka pombe moja hadi nyingine. Jambo moja tu: asije mtu akanunua maua ya pambo mjini akayaloweka kwa kuiga Waingereza. Maua hayo hupuliziwa dawa za kuua wadudu, na hayakukuzwa yaliwe.

Kwa lita 2 za tangawizi, chukua gramu 100 za tangawizi mbichi, uioshe na kuitwanga. Ichemshe pamoja na maji na gramu 150 za sukari kwa muda wa dakika 10. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, lakini hiyo yatosha kabisa kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Usikubali kutumia maji ya jerikeni bila kuyachemsha eti kwa sababu yataingia tangawizi. Acha yapoe hadi yawe vuguvugu, chuja, kamulia ndimu 2, kisha utie robo kijiko cha chai cha hamira ya mkate. Maji yakiwa moto, hamira itakufa na hutaona povu lolote.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Hamira hula sukari, na kila gramu 1 inayoliwa hugeuka takriban nusu gramu ya kileo na nusu gramu ya gesi ya kaboni. Ili kupata povu kama la soda, gramu 12 hivi za sukari kwa kila lita zatosha, yaani vijiko 3 vya chai. Lakini wewe umetia gramu 75 kwa kila lita, kwa sababu unataka utamu. Hamira haijui kwamba umetosheka na povu. Itaendelea kula, na ikiachiwa sukari yote itatoa gesi mara 6 ya ile iliyo ndani ya soda.

Hakuna chupa ya nyumbani itakayostahimili hayo. Hata gesi iliyo katika soda ya kawaida isiyo baridi hubana kwa nguvu isiyopungua ile ya tairi la gari dogo. Kwa sababu hiyo usitumie chupa ya kioo, hata kama inapendeza mezani. Tumia chupa ya plastiki iliyokuwa na soda, si ile nyembamba ya maji ya kunywa, na usiijaze hadi mdomoni. Ibonyeze asubuhi na jioni. Siku inapokuwa ngumu kama soda mpya ya dukani, itie kwenye friji mara moja. Wakati wa joto la Februari hiyo huenda ikawa siku moja tu. Katika baridi ya Julai huenda zikapita siku tatu au nne. Baridi huipunguzia hamira mwendo lakini haiiui, kwa hivyo stima ikipotea kwa siku nzima, legeza kizibo.

Kioo kikipasuka, au kizibo kikiruka na kumpiga mtu jichoni, usimsugue jicho wala usijaribu kuchomoa kipande kilichoingia. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza, umkimbize hospitalini. Kwa wakazi wa upande wa magharibi ya jiji, Hospitali ya Kikuyu ina kitengo cha macho kinachojulikana sana.

Jambo la pili ni kileo. Tangawizi iliyotiwa friji kwa wakati ina kileo kisichofika asilimia 1. Ikisahauliwa kwenye ndoo wiki nzima, yaweza kukaribia asilimia 5, na hiyo ni nguvu ya bia. Kwa hivyo si kinywaji cha mtoto, wala cha mama mjamzito, ijapokuwa tangawizi yenyewe husaidia kutuliza kichefuchefu cha mimba. Muislamu naye anahitaji kulijua hili kabla hajakaribishwa glasi. Na anayefikiria kuiuza kibandani akumbuke kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile iitwayo sheria ya Mututho, inakataza kumwuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18.

Wapo watakaoogopa wakikumbuka vifo vya Mukuru mwezi wa Novemba 2000, wakati zaidi ya watu 100 walipofariki baada ya kunywa pombe haramu ya kumi kumi, au vile vya Mei 2014 huko Embu na kwingineko. Waliofariki waliuawa na methanoli, kemikali ya viwandani iliyochanganywa na pombe. Tangawizi na sukari havitoi sumu hiyo kwa kiasi cha kudhuru.

Tusijidanganye pia kuhusu sukari. Glasi ya tangawizi hii bado ina vijiko 4 hivi vya chai, ikilinganishwa na 6 katika soda nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na afadhali zisizidi 25. Glasi mbili zimeshapita kiwango hicho cha pili. Mwenye ugonjwa wa kisukari asidhani kwamba hamira imemmalizia kazi.

Kwa watoto, iko njia nyepesi. Chemsha tangawizi na sukari kidogo kwa maji machache, chuja, tia ndimu, na uache hamira kabisa. Uhifadhi kwenye friji kwa wiki moja. Wakati wa kunywa, mimina vijiko vichache kwenye glasi na uongeze maji ya soda yanayouzwa dukani. Povu litakuwapo, na kizibo hakitaruka.