Siha ya Mtoto si Mizani Pekee

Kwetu Pwani mtoto akinona, jirani husema "Mashaallah" na mamake hufurahi. Akikonda, huulizwa kama anakula. Jicho ndilo mizani yetu.

Huko New York, mji wenye watu wengi zaidi nchini Marekani, jicho halikutosha. Katikati ya miaka ya 2000, idara za elimu na afya za mji huo zilianza kupima siha ya watoto wa shule za umma kila mwaka na kuiweka katika hesabu.

Kipimo hicho huitwa FITNESSGRAM, na kilitungwa mwaka wa 1982 na Cooper Institute ya Dallas, Texas. Watoto wa madarasa ya chini hupimwa urefu na uzani tu. Wakubwa huongezewa majaribio: kujisukuma kwa mikono, kuketi na kunyosha mikono kuelekea vidole vya miguu, na kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio. Milio huzidi kukaribiana, mpaka pumzi zimwishie mtu.

Lililo zuri ni kuwa mtoto halinganishwi na mwenziwe. Hupimwa kwa kiwango cha afya cha umri wake na jinsia yake. Hapana wa kwanza, hapana wa mkia.

Hesabu ilifichua mengi

Baina ya mwaka wa masomo wa 2006-07 na ule wa 2010-11, watoto wanene kupita kiasi, tangu chekechea hadi darasa la nane, walipungua kutoka asilimia 21.9 hadi 20.7. Habari njema, lakini nafuu ilikuwa kubwa kwa watoto wa Kizungu, na ndogo kwa watoto weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini. Bila ya kuhesabu, nani angalijua?

Karatasi ya nyumbani

Matokeo yalipelekwa kwa wazazi pia, na hapo ndipo penye funzo. Mwaka wa 2016 wachunguzi walichapisha habari za wasichana wa mji huo waliokaribiana mno kwa uzani: mmoja chini kidogo ya mpaka, mwenziwe juu kidogo, akaandikiwa kuwa amezidi uzani. Mwaka uliofuata, walioandikiwa hivyo hawakuwa wamepungua kuwashinda wenzao. Jina walilipata, nafuu hawakuipata.

Basi kupima si kutibu. Hesabu ya mji mzima huwaonyesha wakuu ni wapi penye haja ya viwanja, walimu wa mazoezi na chakula bora. Lakini karatasi ikiwa fimbo ya kumchapia binti kwa maneno, itamfanya auonee haya mwili wake, na mwenye haya hatoki kucheza.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi akiletewa karatasi kama hiyo, aikunje aiweke, kisha amwambie mwanawe: "Vaa viatu, twende tukatembee."