Msalaba wa Shaba Sandukuni mwa Bibi

Huenda, msomaji mpendwa, sandukuni mwa bibi yako mna kipande cha shaba chenye umbo la herufi X. Siku moja mgeni atabisha hodi akitaka kukinunua, maana wakusanyaji wa vitu vya kale huvitafuta sana. Kabla ya kumjibu, kijue kwanza.

Kipande hicho, ingawa chaitwa msalaba, si alama ya Ukristo. Wazee wetu walisubu misalaba hiyo kabla mmisionari yeyote hajafika Katanga. Ilikuwa ni fedha yao. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, mafundi walichimba mawe ya kijani katika vilima kama vile vya Kambove, karibu na Likasi. Waliyayeyusha kwa makaa na mivukuto, katika tanuru za udongo wa vichuguu. Kisha wakamimina shaba katika kalibu zilizo wazi. Ndiyo sababu upande mmja wa msalaba mara nyingi una makunyanzi. Monsenyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Waliona misalaba midogo imewekwa juu ya miili ya marehemu, mingine mikononi. Wangeyajuaje hayo, kama mwizi angalitangulia kuiokota na kuiuza? Msalaba ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa umenyang'anywa nusu ya habari zake.

Basi, baba na mama wa nyumba, shikeni haya. Msiusugue msalaba ili ung'ae, maana rangi ile ya kijani ni ushahidi wa umri wake. Msiupeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Waulizeni wazee ulitoka wapi, mkaandike jina la mahali na la aliyeurithisha. Mkiukuta kaburini, uacheni, mkawaarifu watu wa Makumbusho ya Lubumbashi. Tena jihadharini: iko misalaba ya bandia iliyosubiwa juzi tu.

Nchi ya Katanga ina shaba nyingi, nayo huyeyushwa kila siku. Lakini habari za wazee, zikiisha kuyeyuka, hakuna kalibu ya kuzisubu tena.